Barua ya wazi kwa wasimamizi wa masoko ya hisa: watu hawakimbii kwa wazimu

Kwa wakuu wa mamlaka za masoko ya mitaji, wakurugenzi wa masoko ya hisa, magavana wa benki kuu na mawaziri wa fedha.

Waheshimiwa,

Kila bei za hisa zinapoporomoka, tangazo lenu la kwanza huwa lilelile: wananchi watulie, waache taharuki, misingi ya uchumi iko imara. Sisi tunaowaandikia tunashughulika kila siku na oda za kuuza, mikopo ya kununulia hisa, hesabu za mifuko ya vipande (mifuko ya uwekezaji wa pamoja ambamo kila mchangiaji hushika vipande vya umiliki) na malipo ya mwisho wa siku. Tunachotaka mkielewe ni kwamba hiyo mnayoiita taharuki, kwa sehemu kubwa, ni hesabu sahihi. Mtu anazitazama kanuni mlizoweka, anaona anayetoka wa kwanza analipwa kamili na anayebaki anabeba hasara ya aliyetoka, basi naye anatoka. Mkitaka asikimbie, badilisheni hesabu hiyo, maana kumhubiria utulivu hakuigusi hata kidogo.

Tuanze na mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwani humo hesabu inaonekana waziwazi. Tuseme mfuko una vipande 100, kila kimoja kimeandikwa thamani ya 1. Soko limeshuka tangu asubuhi na mali yote ya mfuko sasa ina thamani ya 90, lakini bei ya kipande iliyobandikwa bado ni ya jana. Wenye vipande 20 wanawahi, wanalipwa 20 kamili, wanaondoka. Imebaki 70 kwa vipande 80, yaani 0.875 kwa kila kipande. Soko lilishuka kwa asilimia 10. Waliobaki wamepoteza asilimia 12.5. Ile tofauti haikupotea sokoni, imehamishwa kutoka mfuko wa aliyekaa hadi mfuko wa aliyekimbia, na kanuni zenu ndizo zilizoihamisha.

Hayo yalitokea mbele ya dunia nzima. Tarehe 16 Septemba 2008, siku moja baada ya Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, kuomba kufilisiwa, mfuko wa Reserve Primary wa Marekani ulitangaza kwamba kipande chake cha dola 1 sasa ni senti 97, kwa sababu ulikuwa umeshika hati za madeni za Lehman za dola milioni 785. Watu wakaanza kutoa pesa hata katika mifuko ambayo haikuwa na hati moja ya Lehman. Walikosea? Hakuna aliyekuwa na njia ya kujua siku hiyo ndani ya mfuko upi kuna nini. Ilipofika tarehe 19 serikali ililazimika kutangaza dhamana kwa mifuko ya aina hiyo.

Dawa yake mnaijua, ila haijaandikwa kama amri kila mahali. Kila oda ya kuuza vipande iliyopokelewa leo ilipwe kwa bei itakayokokotolewa baada ya soko la leo kufunga, si bei ya jana. Gharama ya kuuza mali ili kuwalipa wanaotoka ikatwe kwenye malipo yao wenyewe. Hisa au hatifungani (hati ya deni inayouzwa sokoni) ambayo haijauzwa sokoni kwa siku kadhaa isihesabiwe kwa bei yake ya mwisho kana kwamba bado ipo; ikadiriwe upya, na njia ya kukadiria iwe imeandikwa kabla ya shida. Na orodha ya mali za mfuko itolewe kila mwezi, jina kwa jina.

Sasa twendeni kwenye hisa zenyewe, mahali ambapo bei inazaliwa. Chukueni kampuni ambayo hisa yake mara ya mwisho imeuzwa kwa 40. Upande wa wanunuzi kuna oda ya hisa 500 kwa 40, 300 kwa 38, 1,000 kwa 31 na 400 kwa 25. Inaingia oda ya kuuza hisa 2,000 kwa bei yoyote iliyopo sokoni. Inazimaliza zile 500, inazimaliza 300, inazimaliza 1,000, na 200 zilizobaki zinaangukia kwenye 25. Muuzaji aliyetarajia 80,000 anapata 67,400. Hiyo ni hasara yake. Linalotugusa wote ni kwamba bei inayoonekana kwenye kioo sasa ni 25, asilimia 37.5 chini ya ile ya dakika moja iliyopita, na imewekwa na hisa 200 tu. Mamilioni ya hisa ambazo hakuna aliyeziuza nazo zinahesabiwa kwa 25: kwenye fahirisi, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa sokoni, kwenye taarifa ya habari ya jioni, na, baya zaidi, kwenye dhamana za mikopo. Tarehe 6 Mei 2010, huko Marekani, oda za namna hii zilipokosa wanunuzi, hisa za kampuni kubwa zenye afya zilipita kwa senti 1, kisha zikarudi kwenye bei yake siku hiyohiyo.

Oda ya kuuza kwa bei yoyote ifungiwe pale hisa inaposhuka kwa kasi. Mfumo uigeuze wenyewe kuwa oda yenye kikomo, yaani isiyouzwa chini ya bei fulani, mathalani asilimia 5 chini ya bei ya mwisho, na mteja aarifiwe. Bei ya kufunga iwe wastani wa mauzo ya nusu saa ya mwisho, uliopimwa kwa idadi ya hisa, isiwe bei ya oda ya mwisho kabisa. Na zile oda zinazojiamsha zenyewe bei ikigusa kiwango fulani, ambazo wateja wengi huziweka wakidhani zinawalinda, zielezwe kwa lugha nyepesi: bei ikigusa kiwango cha 35, hisa haitauzwa kwa 35. Itauzwa kwa chochote kitakachokuwepo.

Kwenye mikopo ya kununulia hisa tunaomba mtuvumilie, maana ndiko anguko la asilimia 10 linakogeuka kuwa la 30.

Mteja ana 100,000 zake, amekopa 100,000 nyingine, amenunua hisa za 200,000. Masharti yanataka fedha yake mwenyewe isipungue asilimia 30 ya thamani ya hisa. Hisa zinashuka hadi 140,000. Deni halishuki, ni 100,000 palepale, kwa hiyo chake ni 40,000, sawa na asilimia 28.6. Amepungukiwa na 2,000 tu kufikia kiwango. Akiwa na pesa taslimu ataongeza 2,000 na mambo yataisha. Asipokuwa nayo, dalali anauza hisa ili kupunguza deni, na ili kurudi kwenye asilimia 30 lazima auze hisa za karibu 6,700. Pengo la 2,000 limelazimisha mauzo ya zaidi ya 6,000. Sasa hisa zishuke asilimia 10 nyingine. Alizobaki nazo, za takribani 133,300, zinakuwa 120,000, deni ni 93,300, chake ni kama 26,700. Safari hii dalali lazima auze hisa za zaidi ya 31,000 kwa mpigo. Anguko dogo la pili limezaa mauzo zaidi ya mara nne ya lile la kwanza, na mauzo hayo hayana mtu nyuma yake anayeogopa. Ni mashine. Nanyi mnatoka kwenye redio mkiwaambia watu wasiwe na woga!

Mwaka 1929 huko New York mtu aliweza kununua hisa kwa kutoa asilimia 10 ya bei, iliyobaki ni mkopo. Mnamo 28 Oktoba fahirisi ya Dow, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka kwa karibu asilimia 13, na kesho yake karibu 12. Mwenye asilimia 10 alikuwa amekwisha siku ya kwanza.

Tunaomba mambo matatu hapa, na tunayatilia mkazo kuliko yote. Kwanza, kiwango cha fedha ya mteja kiwekwe juu wakati soko likipanda, na kisiongezwe siku ya anguko. Mkopeshaji anayepandisha sharti kutoka 30 hadi 40 katikati ya mporomoko anajilinda yeye na kuwatumbukiza wengine wote. Pili, wito wa kuongeza dhamana utumwe baada ya soko kufunga, kwa hesabu ya ile bei ya wastani tuliyoitaja, na mteja apewe mpaka kufunga kwa siku ya kazi inayofuata kabla hisa zake hazijaguswa. Tatu, jumla ya mikopo yote ya kununulia hisa itangazwe kila wiki. Watu wakijua mzigo ni mkubwa kiasi gani watajipunguza mapema, polepole, badala ya wote kugundua siku moja.

Kuhusu kufunga soko. Hapa ndipo mnapokimbilia pakiwaka, na hapa ndipo tumeona makosa yakirudiwa nchi baada ya nchi.

Oktoba 1987, baada ya Dow kuanguka kwa asilimia 22.6 siku ya Jumatatu tarehe 19, Hong Kong ilifunga soko lake kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Lilipofunguliwa Jumatatu ya tarehe 26, fahirisi ya Hang Seng ilipoteza asilimia 33 kwa siku moja, na mfuko uliodhamini mikataba ya fahirisi (mikataba ya kubashiri fahirisi itafikia wapi baadaye) ukahitaji kuokolewa kwa mabilioni ya dola za Hong Kong. Siku nne za kufunga hazikumwondoa hata muuzaji mmoja, ziliwapanga foleni. Aliyehitaji pesa ya kulipa deni Jumanne alizihitaji zaidi Ijumaa.

Pakistan walijaribu njia nyingine. Julai 2008 wawekezaji wenye hasira waliurushia mawe jengo la soko la hisa la Karachi. Mwishoni mwa Agosti wasimamizi wakaweka sakafu: bei isishuke chini ya pale ilipofikia. Sakafu ilikaa hadi 15 Desemba. Soko lilikuwa wazi kwa jina, ila biashara ilikauka, kwa sababu hakuna anayenunua kwa 100 kitu anachoamini ni 70. Mwenye hisa aliyetaka ada ya shule au pesa ya hospitali alikaa na karatasi isiyouzika kwa zaidi ya miezi mitatu, na sakafu ilipoondolewa bei zikashuka siku nyingi mfululizo. Iceland walisimamisha biashara tarehe 9 Oktoba 2008. Ilipofunguliwa tarehe 14 fahirisi ilionyesha zaidi ya robo tatu imeyeyuka, kwa kuwa benki zake tatu kubwa zilikuwa zimeanguka na hisa zake kuhesabiwa sifuri. Kufunga hakukuziua benki hizo wala hakukuziponya.

Kisha kuna China, Januari 2016, mfano tunaoupenda kwa uwazi wake. Kanuni mpya ilisema soko likishuka asilimia 5 lisimame dakika 15, likifika 7 lifungwe hadi kesho. Ilianza kutumika tarehe 4 na siku hiyohiyo soko likafungwa. Tarehe 7 likafungwa tena ndani ya kama nusu saa tangu kufunguliwa. Kanuni ikasimamishwa. Kosa lilikuwa kwenye ule mwanya wa asilimia 2. Ukishapita 5 kila mtu anajua mlango unafungwa hatua mbili mbele, kwa hiyo hata asiyetaka kuuza anauza. Kanuni iliyokusudiwa kuwatuliza watu ndiyo iliyowavuta mlangoni.

Linganisheni na viwango vya Marekani vya sasa: asilimia 7, 13 na 20, huku viwili vya kwanza vikisimamisha soko kwa dakika 15. Machi 2020 kiwango cha kwanza kiliguswa siku nne, tarehe 9, 12, 16 na 18. Mara zote nne soko lilisimama dakika 15 likafunguliwa. Bei hazikupanda kwa sababu hiyo, na halikuwa lengo. Lengo lilikuwa oda zipangwe upya, wanunuzi wapate muda wa kusoma, na aliyekuwa na hisa ajue saa ngapi ataweza kuziuza.

Kwa hiyo: viwango viwe na nafasi pana kati yake, visibadilishwe katikati ya siku, na kila tangazo la kusimamisha liwe na saa ya kufungua ndani ya sentensi ileile. Dakika hizo 15 zisiwe kimya. Oda zilizopo na bei inayotarajiwa ya kufungulia vionyeshwe kwa kila mtu, si kwa madalali wakubwa tu. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, tarehe 10 Januari 2011, fahirisi ilishuka zaidi ya asilimia 9 ndani ya saa moja, biashara ikasimamishwa, na wawekezaji wadogo wakamiminika barabarani. Kesho yake fahirisi ikaruka kwa zaidi ya asilimia 15. Mtu ambaye hisa zake ziliuzwa kwa nguvu siku ya kwanza hakuwemo kwenye mruko huo, na hasira ya mtu huyo haitaisha kwa kuambiwa soko limepona.

Kupiga marufuku uuzaji wa hisa za kuazima, yaani kuazima hisa, kuiuza sasa na kutumaini kuinunua baadaye kwa bei ya chini ili kuirudisha, hatutakaa nako sana. Marekani ilipiga marufuku kwa hisa za taasisi za fedha kuanzia 19 Septemba hadi 8 Oktoba 2008, na hisa za benki ziliendelea kushuka. Aliyeuza hisa ya kuazima ni lazima ainunue baadaye. Mkimwondoa, mmemwondoa mmoja wa wanunuzi wachache waliobaki.

Jambo zito zaidi ni usalama wa kile ambacho si bei. Mwenye hisa anaweza kustahimili bei kushuka. Hawezi kustahimili kutojua kama hisa zake bado ni zake. Dalali akifilisika, je, hisa za wateja zimechanganywa na za kwake? Wateja wa tawi la Lehman la London walisubiri miaka kupata mali zilizokuwa zao tangu mwanzo. Hisa ziandikwe kwa jina la mteja mwenyewe kwenye hifadhi kuu ya hisa, na mteja apate ujumbe wa simu kutoka hifadhi hiyo, sio kutoka kwa dalali, kila hisa inapoingia au kutoka. Fedha za wateja zikae akaunti tofauti, zikaguliwe kila siku ya kazi.

Na kwa amana za benki, kumbukeni foleni za Northern Rock kule Uingereza, Septemba 2007. Habari kwamba benki hiyo imeomba msaada wa benki kuu ilivuja jioni ya tarehe 13, tangazo rasmi likaja asubuhi. Magazeti yaliwaita waliopanga foleni watu wa hofu. Tazameni kanuni ya wakati ule: pauni 2,000 za kwanza zinalindwa zote, 33,000 zinazofuata zinalindwa asilimia 90, zaidi ya hapo hakuna. Mwenye pauni 35,000 angerudishiwa 31,700. Foleni ingemgharimu nusu siku. Kubaki nyumbani kungeweza kumgharimu pauni 3,300 na miezi ya kusubiri. Serikali ilipotangaza tarehe 17 kwamba amana zote zinalindwa, foleni zikapungua. Wananchi walikuwa walewale, wenye akili zilezile. Kilichobadilika ni hesabu. Kinga ya amana iwe asilimia 100 hadi kikomo, na siku za kulipwa zitajwe kwa idadi.

Hofu si jambo pekee linaloonekana mitaani wakati huo. Kuna hasira pia, nayo inastahili jibu. Tarehe 29 Septemba 2008 Bunge la Marekani liliukataa mpango wa kuziokoa benki wa dola bilioni 700 kwa kura 228 dhidi ya 205, soko likiwa wazi, na Dow ikashuka pointi 777. Wabunge walikuwa wamefurikwa na simu za wapiga kura waliouliza kwa nini waliovunja ndio wajengewe. Miezi michache baadaye, Machi 2009, ilijulikana kwamba kampuni ya bima ya AIG, iliyokuwa imepewa zaidi ya dola bilioni 170 za msaada, inalipa bonasi za dola milioni 165. Kwenye hesabu ya uokoaji kiasi hicho ni chembe. Kwa mtu aliyepoteza akiba yake ni tusi. Kabla senti ya kwanza haijatoka, mkataba useme nani anapoteza kwanza: wenye hisa, kisha wakopeshaji wasio na dhamana, bonasi zote zisimamishwe, na karatasi hiyo iwekwe hadharani siku ileile. Na kura za namna hii zipigwe soko likiwa limefungwa.

Mwisho ni namna mnavyozungumza. Tarehe 24 Oktoba 1929 zilibadilishana mikono karibu hisa milioni 12.9, na utepe wa bei, ule wa karatasi uliochapa bei za mauzo, ukachelewa kwa saa kadhaa. Watu waliuza bila kujua wanauza kwa bei gani, na wengi waliuza kwa sababu hiyohiyo. Siku hizi utepe hauchelewi. Mnaochelewa ni nyinyi. Pengo la saa tatu bila neno linajazwa na uvumi. Wekeni ratiba ya siku ya anguko na ijulikane tangu leo: taarifa moja kabla ya kufungua, moja mchana, moja baada ya kufunga, hata kama hakuna jipya. Kila taarifa iseme mifumo ya malipo inafanya kazi au la, madalali wangapi wameshindwa kulipa, na uamuzi upi unatarajiwa saa ngapi. Kuficha dalali aliyekwama kwa kufunika kombe mwanaharamu apite hakufiki hata jioni, kwa sababu wenzake aliopaswa kuwalipa wanajua tayari.

Msiahidi bei. Dow ilifika kilele chake cha 1929 tena mwezi Novemba 1954. Hisa iliyopoteza asilimia 50 inahitaji kupanda asilimia 100 ili irudi, na kila mwenye kalamu anaweza kuikokotoa ahadi yenu.

Ahidini mnachokidhibiti. Asubuhi ya 20 Oktoba 1987, kabla soko la New York halijafunguliwa, benki kuu ya Marekani ilitoa tangazo la sentensi moja: iko tayari kutoa ukwasi, yaani pesa taslimu, kuutegemeza uchumi na mfumo wa fedha. Haikusema lolote kuhusu bei wala kumwambia mtu atulie. Benki zikaendelea kuwakopesha madalali, na malipo yakapita. Sentensi yenu ya namna hiyo iandikwe mwezi huu, ipitiwe na wanasheria, isainiwe na gavana na msimamizi wa soko, kisha ihifadhiwe ikiwa na nafasi mbili tu za kujaza: tarehe na saa. Pamoja nayo wekeni namba za simu za usiku za wakuu wa madalali wote, na mzipige Jumamosi moja kila robo mwaka kuona nani anapokea.

Wenu,
madalali wa hisa, wahasibu wa mifuko ya vipande na waendeshaji wa mifumo ya malipo ya soko